Makaburi Matatu ya Picha ya Nne

Kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya mradi pale Kibiti ilikuwa kuchagua tovuti ya kuandikia majina juu ya picha. Ilikuwa mwaka 2007. Kampuni za simu zilikuwa zikishindana kusimamisha minara hadi huku kwetu, na Tahiri, msimamizi wangu, alikuwa amenunua modemu Kariakoo. Alitembea nayo kwenye mfuko wa shati kama mtu anavyotembea na miwani. Alinipa modemu hiyo, kompyuta moja, na wiki mbili.

"Diploma yako ya kumbukumbu ndiyo inatakiwa sasa," alisema. "Tafuta tovuti ambayo mtu akiifungua yuko Dar au Unguja ataona picha, ataona alama, na kwenye alama ataona jina. Basi."

Picha zenyewe zilikuwa za makaburi. Kisiwa cha Mkandaani, kule delta, kilikuwa kinaliwa na maji, na yalikuwa yamebakiza hatua kama ishirini kufika makaburini. Watu wengi wa kisiwa walishahama tangu mafuriko ya mwaka tisini na nane, wakatawanyika Kibiti, Ikwiriri, Chumbi, wengine Dar. Masheikh walikuwa wametoa ruhusa marehemu wahamishwe, na ukoo mmoja wa Mtunda ukatoa ardhi ya kuwazika upya. Kilichobaki ni kujua nani amelala wapi. Makaburi ya kwetu hayakuwa yakiandikwa. Kaburi ni tuta la mchanga na mashahidi mawili, kijiti cha mkandaa kichwani na kingine miguuni, na vijiti vyote vinafanana.

Aliyekuwa anawajua alibaki mmoja, mama yangu mkubwa, Mwanamkuu. Alikaa Mkandaani miaka arobaini, mlango wake ukitazamana na makaburi, na kila mwezi wa Shaaban alifyeka majani tuta moja moja huku akiwasalimia kwa majina. Ndiye aliyenilea. Mama yangu, Mwanahalima, alikuwa mdogo wake. Alikufa mimi nina siku kumi na moja, na baba alikuwa ametangulia kabla sijazaliwa. Nikaletwa Kibiti kwa ndugu nikiwa mchanga, na mama mkubwa akanifuata baadaye. Kaburi la mama sikuwahi kuliona mpaka siku niliyokwenda kupiga picha.

Siku hiyo alinishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni, penye safu ya makaburi matatu yaliyokuwa karibu zaidi na maji.

"Huyu wa kwanza ndiye mwenyewe," aliniambia. Kisha akainama. "Mwanahalima, mwanao kaja. Ana kamera, usishtuke."

Nilipiga picha tisa. Safu ile ilikuwa picha ya nne.

Nilijaribu tovuti tatu. Ya kwanza iliweka majina chini ya picha kama orodha ya wanafunzi, msomaji akabaki kukisia jina lipi ni la tuta lipi. Niliiacha siku ileile. Ya pili ilikuwa nzuri kuitazama. Ukibofya mahali, linakaa duara jekundu, unaandika jina, na mwingine akipitisha kishale juu ya duara jina linatokea. Ilifunguka upesi hata kwa modemu yetu, na ilikuwa na jambo nililolipenda kuliko yote. Uliweza kuiondoa picha ukaweka nyingine mahali pake, na maelezo yako yakabaki. Ya tatu ilifanya kazi kama ya pili, ila ilikuwa nzito na kaidi. Ukishaweka alama ya kwanza, picha haibadilishwi tena. Ukitaka kubadilisha, unafuta yote unaanza upya.

"Ya tatu inachosha," nilimwambia Tahiri.

"Inachosha vipi?"

"Haikubali marekebisho."

"Basi hiyo si ya serikali yetu," alisema. "Chukua ya pili."

Nikachukua ya pili, nikaandika kwenye daftari la ofisi sababu zangu nne, na niliona fahari kidogo.

Mama mkubwa alikuja ofisini siku tatu mfululizo. Tahiri hakutaka kioo cha kompyuta kishikwe kwa vidole, kwa hiyo nilimchomolea njiti ya ufagio, akaketi kando yangu na njiti yake kama mwalimu wa madrasa.

"Huyu aliniposa," alisema, njiti ikiwa juu ya tuta moja. "Nikamkataa. Na baada ya yote akaja kulala mbele ya jiko langu."

"Jina lake, mama."

"Subiri, naona haya kumtaja."

Akacheka mpaka Tahiri akageuka kutazama. Wengine aliwapita kimya. "Hawa wa zamani. Hata bibi yangu hakuwajua. Waache." Hao hatukuwawekea alama. Sheikh alikwisha kusema makaburi yasiyo na mwenyewe yasifukuliwe, yatasomewa dua ya pamoja.

Tulipofika picha ya nne aliacha utani. Kutoka kushoto: Mwanahalima, mama yangu. Katikati, Bi Waride, mkunga, ambaye mikono yake ndiyo iliyonipokea. Kulia, Maneno, mkata mikoko, mume wa Sijaona. Niliweka duara la kwanza polepole sana, nikaandika jina la mama, herufi moja moja. Mama mkubwa alitazama kioo muda mrefu.

"Sasa hata nikifa hutapotea," alimwambia mdogo wake.

Alipoondoka siku ya tatu nilizipitia picha zote kwa mara ya mwisho. Ndipo nilipoona kwamba katika picha ya nne, ukingoni kushoto, mama mkubwa mwenyewe ameonekana. Alikuwa ameinama, kanga imemponyoka kichwani ikaanguka mabegani, na nywele zake zote nyeupe ziko wazi. Mwanamke huyu sijawahi kumwona anatoka hata uani bila kujitanda. Na picha zilikuwa zinakwenda Dar, Unguja, kwa wanaume asiowajua. Sikutaka kumwambia, angeona haya. Nikaukata ukingo ule wa kushoto, sehemu ndogo tu, nikaiweka picha mpya mahali pa ile ya zamani. Maelezo yakabaki, kama tovuti ilivyoahidi. Nikayasoma majina yote matatu, nikahakikisha hakuna herufi iliyokosewa. Kisha nikazichapa picha na alama zake, nikamkabidhi Tahiri.

Wanawake kwetu hawaendi kuzika. Siku ya kuhamisha, mwezi wa nane, wanaume walikwenda Mkandaani na mashua mbili wakiongozwa na Mzee Gharibu, na picha zangu ziko ndani ya mfuko wa nailoni. Sisi tulibaki Mtunda, katika nyumba ya wenyeji, tukisoma Yasini. Mama mkubwa aliketi ubavuni kwangu mchana kutwa. Kila tulipoimaliza alikuwa ananinong'oneza: "Sasa watakuwa wamefika kwa mama yako."

Walirudi alasiri. Waliwazika kabla jua halijazama, na baadaye Mzee Gharibu akaja kusimama nje ya mlango wa wanawake kutoa habari.

"Tumewaleta wote wenye alama," alisema. "Wasio na alama tumewaacha, kama tulivyoagizwa. Ila mmoja hatukumpata. Marehemu Maneno. Pale penye alama yake tumechimba mpaka kiunoni, ni mchanga na maji. Nadhani bahari imemtangulia kumchukua. Bi Sijaona, tuwie radhi."

Sijaona alikuwa amekaa karibu na mlango. Ni mwanamke wa maneno mengi, anauza vitumbua mbele ya ofisi yetu na hana mteja ambaye hajamtania. Siku hiyo aliitikia tu, "Alhamdulillahi," akaomba maji ya kunywa, kisha akaisahau kata mkononi.

Mwezi wa kumi maji ya bamvua kubwa yalipita Mkandaani. Mzee Gharibu alikwenda kuangalia, akasema makaburi hayapo tena, hata minazi iliyokuwa nyuma yake haipo.

Kwangu mimi miezi ile ilikuwa mizuri, na naona aibu kuiandika hivyo. Pale Mtunda kila kaburi liliwekewa ubao wenye jina. Ijumaa alasiri nilipanda gari la mchanga au baiskeli ya kukodi, nikaenda kukaa kwa mama. Mimi si msemaji. Chuoni walikuwa wakiniita bubu. Lakini pale nilizungumza. Nilimweleza kuhusu ofisi, kuhusu kijana wa chuo aliyeniandikia barua mbili na sikujibu kwa sababu sikujua jinsi ya kujibu. Nilimuuliza kama alinipa jina la Mwamini yeye au walinipa wengine. Nilimwambia kwamba siku ya kuzaliwa kwangu huwa sipendi kuulizwa. Mama mkubwa naye alikuja, akafyeka, akasalimia.

"Mwenzangu una pa kwenda Ijumaa," Sijaona aliniambia asubuhi moja akinifungia vitumbua. "Mimi wangu hata akifa bado anatoroka nyumbani."

Wateja wakacheka. Na yeye akacheka, akageuka kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mwezi wa kumi na moja Tahiri aliniambia wenzetu wa mradi wa Mafia wanataka kufanya kama sisi. Niwaandikie kurasa mbili: tulichagua tovuti gani na kwa nini. Nilifurahi. Nikaona nisiandike kwa kukumbuka, bali nizijaribu zote upya. Nilichukua picha ya nne, ile ya asili kabla haijakatwa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naipenda. Nikaipandisha kwenye tovuti ya tatu, ile kaidi. Nikaweka alama tatu kama mama mkubwa alivyonionyesha kwa njiti, nikaifungua kando ya ile ya tovuti ya pili.

Zilikuwa hazifanani.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikahesabu mashahidi kwa kidole, juu ya kioo, nikasahau katazo. Kwenye tovuti ya pili jina la mama lilikuwa juu ya kaburi la katikati. Jina la Bi Waride lilikuwa juu ya kaburi la kulia. Jina la Maneno lilikuwa juu ya majani matupu. Na kaburi la kwanza kushoto halikuwa na alama yoyote.

Ilinichukua muda kuelewa, ingawa ni jambo dogo. Tovuti ile ilikuwa inahesabu umbali wa kila alama kutoka ukingo wa kushoto wa picha. Nilipokata ukingo, makaburi yote yalisogea kushoto na alama zikabaki palepale. Sehemu niliyoikata ililingana na nafasi ya kaburi moja hadi jingine. Tovuti haikuwa na kosa. Ilitunza maelezo yangu kama ilivyoahidi. Mimi nilisoma majina, sikutazama yamekaa wapi.

Nikafuatisha hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Aliyefukuliwa kwa jina la mama ni Bi Waride. Aliyefukuliwa kwa jina la Bi Waride ni Maneno. Maneno yupo Mtunda tangu mwezi wa nane. Na lile la kwanza kushoto wanaume walilikuta halina alama, wakajua ni la wale wa zamani wasio na mwenyewe, wakaliacha mpaka bamvua likapita.

Nilizima kompyuta. Tahiri aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Nyumbani mama mkubwa alikuwa anachambua mchele. Nilikaa chini mbele yake, nikamweleza yote. Nilichora makaburi matatu sakafuni kwa kidole. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na ungo, kisha ikaacha.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo nilikuwa namfyekea Waride."

"Ndiyo, mama."

"Na mdogo wangu..." Alitazama michoro yangu. "Kwa nini uliikata hiyo picha?"

Nilitamani kusema uongo. Nilitamani kusema ilikuwa kubwa, modemu ilishindwa kuipandisha. "Ulikuwa umeonekana," nilisema. "Kanga ilikuwa imeanguka. Kichwa chako kilikuwa wazi."

Aliinua mkono akagusa kanga yake kichwani, kama vile nimemwambia inaanguka sasa hivi.

"Kwa ajili ya mvi zangu, Mwamini?"

Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Akarudi kwenye ungo. Punje zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa lakini alizipitia tena. Mimi nilijua anachofikiri kwa sababu nilikuwa nimekifikiri njia nzima. Tukinyamaza, nina kaburi. Ubao una jina la mama, ardhi ni kavu, Ijumaa ipo. Dua inafika popote, sheikh yeyote atakwambia hivyo. Nani angejua? Picha ya asili ilikuwa kwenye kompyuta moja, na mwenye kuifungua ni mimi.

"Mama yako alikuwa mtu wa kunyamaza," alisema mwishowe. "Angekuambia nyamaza, usijitie aibu mbele za watu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mzee. Nilitaka tu niwe na mahali." Akasukuma ungo pembeni. "Lakini kila asubuhi nanunua vitumbua kwa Sijaona. Nitamtazamaje?"

Nilikwenda kwa Sijaona kesho yake, kabla wateja hawajajaa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikwame, na karatasi ikalowa jasho mkononi.

"Dada Sijaona, nina jambo."

"Umepata mchumba?"

"Maneno alipatikana. Alihamishwa pamoja na wenzake. Yupo Mtunda, penye ubao wa Bi Waride. Kosa ni langu, ni la picha zangu."

Alikuwa ameshika chuma cha kugeuzia vitumbua. Alikishusha kando ya kikaango kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. Aliniuliza mara mbili, kwa maneno yaleyale, kama nina hakika. Kisha akaanza kuondoa kikaango motoni, na unga aliokwisha kuumua akaufunika, na mteja aliyekuwa amefika akaambiwa leo hakuna.

Tahiri alikuwa amefika ofisini. Nilimweleza naye, nimesimama. Hakunikemea. Alikaa akishika modemu mfukoni, kisha akasema atakwenda mwenyewe Ikwiriri kwa Azan, mtoto wa Bi Waride, kumweleza kwamba mama yake ni yule mwenye ubao wa Mwanahalima. "Kuhusu mama yako," alisema, "sijui niseme nini, Mwamini." Nikamwambia asiseme.

Tulikwenda Mtunda mchana huohuo, Sijaona, mama mkubwa na mimi. Mwenye nyumba wa pale alituazima nyundo ya kung'olea misumari. Sijaona alifika penye kaburi lile, akavua kandambili, akakaa chini kwenye mchanga bila kutandika kitu.

"Miezi mitatu," alimwambia mumewe. "Miezi mitatu nakulilia umechukuliwa na maji, kumbe uko hapa umejilaza kwa jina la mwanamke mwingine." Alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akaweka paji la uso juu ya magoti. Mama mkubwa alimshika mgongo.

Mimi nilikwenda kwenye ubao wa jirani. Nilikuwa nimeahidi kuung'oa mwenyewe. Misumari haikuwa mingi, miwili tu, na mti ulikuwa mbichi bado. Ulipotoka nilibaki nimeushika, na sikujua pa kuuweka. Mwanamke aliyelala pale alikuwa amenipokea duniani kwa mikono yake, na kwa miezi mitatu alikuwa amesikiliza mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimsalimia kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Nikamwomba radhi.

"Mama yako yuko wapi basi?" Sijaona aliniuliza kutoka kule alikokaa. Nilikuwa nimemweleza njiani, lakini nadhani hakusikia, alikuwa akimfikiria wa kwake.

"Alibaki," nilisema.

Alinitazama. Akasogea, akaacha nafasi kando yake kwenye mchanga, akaipapasa mara moja kwa kiganja. Nikasimama pale na ubao wangu. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, bila kosa la herufi.